Mama Aliyeniuliza Juu ya Bwana Yangu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza mumejibu kama watu wenye usingizi!

Mimi ni Helena. Leo munaniona naimba hapa Kasongo, lakini nimetoka Wamaza, upande wa Kabambare, na kule wengine walikuwa wananiita Helena wa wazimu.

Bwana yangu Kalume alienda kuchimba zahabu Salamabila. Siku moja kapita, musimamizi wa mashamba yetu ya pamba, akaleta habari: udongo umeanguka, Kalume amekufa, wamekwisha kumuzika kulekule. Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, na kwa amri ya serikali ya wakati ule, kuacha shamba la pamba ilikuwa kifungo. Basi matanga hatukukaa. Watu wakaniambia, "Nyamaza, mama, usimutaje, utajiumiza." Nikanyamaza.

Ndipo nikaanza kumuona. Asubuhi, ukungu ukipanda kutoka mutoni, nilimuona anakuja polepole katika majani marefu, mabega yake yanang'aa kwa umande. Anakuja, hafiki. Kesho tena anakuja, hafiki. Pamba ilikuwa nyeupe pande zote, nami nilitembea ndani yake kama mutu anayeota, miguu haisikii udongo. Ilikuwa tamu, ndugu zangu, sitawadanganya! Nilipika bugali, nikaweka sahani yake, na mutoto wangu Feza akinyoosha mukono namuambia, "Ngoja baba." Bugali inapoa. Mutoto analala na njaa.

Shemeji yangu, ndugu wa Kalume, akatuma neno toka Kabambare: siku ya soko la pamba atakuja kumuchukua Feza, maana muke mwenye wazimu hafai kulea. Na soko lilikuwa kesho kutwa! Mimi nilisikia neno hilo kama linasemwa ng'ambo ya muto. Dada yangu Yuliana ndiye alilia.

Yuliana akakimbia kunitafutia mutu. Kwenye dispanseri wakamupa kinini, dawa ya malaria. Muganga wa mizizi akamuambia angoje mwezi uandame, ati yuko na wagonjwa wengi. Mwezi uandame! Na shemeji iko njiani! Akaingia kanisani, akapiga magoti, akasema tu, "Mungu, leo." Alipotoka, wanawake waliokuwa wanafagia uwanja wakamuuliza analilia nini, akawaeleza. Wakasema, "Iko Mama Debora, mujane. Sisi tukifiwa tunamuita yeye."

Mama Debora alikuwa anapika mawese. Akamuachia jirani chungu motoni, akamufuata dada yangu saa ileile, mikono ingali myekundu.

Akanikuta mbele ya sahani. Nilingoja anigombeze kama wengine. Hapana. Akakaa kwenye mukeka, akatazama majani pamoja nami, hata jua likasogea. Kisha akauliza, "Kalume alikuwa mutu gani?"

Ee Mungu wangu! Hakuna mutu aliyekuwa ameniuliza hivyo! Nikafungua kinywa. Nikasema alivyokuwa anacheka mbele ya kumaliza hadithi yake mwenyewe, alivyochukia samaki wa kukauka, alivyonibeba kuvuka muto Luama tukiwa wachumba. Nikasema, nikasema. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Amekufa, mama. Kalume amekufa." Nikalia, ndugu zangu! Majirani wakaja mbio, na Mama Debora akawaambia, "Kaeni. Leo ndiyo matanga." Wakakaa, hata kapita alipopiga kelele shambani.

Tulipochoka kulia, akasema, "Mutoto iko na njaa." Nikachukua ile sahani, nikamupa Feza. Akala yote.

Siku ya soko shemeji akafika. Akanikuta macho yamevimba, namuogesha mutoto. Akaniuliza kwa ukali, kunijaribu, "Ndugu yangu iko wapi?"

"Amekufa, shemeji," nikamujibu. "Ingia tumulilie."

Yule mwanaume mukubwa akakaa chini mulangoni, akalia kama mutoto. Kumbe naye hakuwa amemulilia! Feza hakwenda Kabambare.

Sitasema niliamka siku ileile. Mama Debora alirudi mara nyingi, na ukungu ulinisumbua bado. Lakini Mungu alikuwa amenitoa, na aliyenitoa hajaniacha. Asante, Yesu! Asante!

Na wewe uliyekaa hapo, unayebeba mufu wako peke yako, usione haya. Bwana hamukatai mutu aliyechanganyikiwa. Nikishuka hapa nitakaa kwenye benchi la nyuma. Njoo ukae karibu nami, uniambie jina lake.