Rufaa ya Barafu

Ukienda kupanda boti pale Road Town, mji mkuu wa visiwa vyetu, utapita mbele ya benchi letu utake usitake. Liko ubavuni mwa kibanda cha Mama Ianthe Vanterpool, anayeuza kahawa na mikate ya kukaanga mpaka birika limkaukie. Tunaokaa pale ni walewale. Yupo Egbert Frett, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye sisi tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kwamba ameshindwa. Yupo Delvin Malone, yaani Jiko, aliyefanya kazi kiwanda cha barafu nusu ya maisha yake na bado jasho halimkauki. Nipo mimi, ninayepaka rangi mashua za watu. Na yupo Oswin Lettsome, aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda hichohicho kabla hakijafilisika. Huyo ndiye Barafu. Asubuhi moja alikuja amevaa suti, akakaa bila kusalimia mtu, nasi tukajua ametoka kwa mwanasheria wake.

— Haya, wamesemaje? akauliza Jiko.

— Majaji wa rufaa wanakaa Alhamisi. Ila mawakili wa mfilisi wameleta jipya. Wanataka rufaa yangu itupwe hata kabla haijasikilizwa.

— Kwa kosa gani?

— Eti sikuomba kibali cha kuikata.

Jambo lenyewe lilianza kiwanda kilipoanguka. Mahakama ilimteua mfilisi, Mwingereza mmoja mpole anayeitwa Haddow, akusanye mali iliyobaki na kuwagawia wanaodai. Haddow akaenda kwa jaji, Barafu mwenyewe hayupo, akatoka na amri: Oswin Lettsome akabidhi kila karatasi na kila ujumbe wa kampuni, kisha aje akae mbele ya mfilisi, ale kiapo, ajibu kila atakachoulizwa. Barafu aliposomewa alikunja uso, na kesho yake akakata rufaa. Tangu hapo benchi letu halikuwa na mazungumzo mengine.

Wakili akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue tumekwisha.

— Sikilizeni. Kibali unaomba kama amri ni ya katikati ya kesi. Kama imemaliza jambo, rufaa unakata moja kwa moja. Sasa nawauliza, amri ya kumwambia mtu “sema” imemaliza jambo au iko katikati?

— Kwa mfilisi ndiyo kwanza kumekucha, akasema Jiko. Bado hajasikia hata neno moja.

— Kwa Oswin imekwisha. Akishasema, atayarudishaje maneno kinywani?

— Mimi mume wangu nilimwambia “sema” mwaka ule wa harusi ya dada yake, akadakia Mama Ianthe huku akimimina kahawa. Mpaka leo tuko katikati.

Tukacheka, hata Barafu akalegeza tai kidogo.

— Lakini si umeshakata rufaa? nikamuuliza. Basi amri imesimama. Tulia zako.

— Haisimami yenyewe, bwana. Lazima uombe isimamishwe. Nimeomba hilo pia, sijajibiwa.

— Imesimama, akasema Wakili. Majaji wa rufaa hawakai kisiwa kimoja. Leo wako huku, wiki ijayo wamepanda ndege kwenda kisiwa kingine. Wakiwa angani, nani anakushika?

— Askari anakushika, Wakili. Yeye hajapanda ndege.

— Wewe Jiko huna elimu ya mambo haya. Tena ngoja nikupe kubwa zaidi. Mfilisi akiteuliwa anavaa viatu vya kampuni. Sasa yeye ndiye kampuni. Na Oswin alikuwa nani? Alikuwa kichwa cha kampuni. Kwa hiyo Haddow akimuuliza Oswin, kampuni inajiuliza yenyewe. Mtu hawezi kuamriwa na mahakama ajiambie jambo analolijua.

Jiko alitafakari, jasho likimtoka.

— Mimi nilikuwa mikono ya kampuni hiyohiyo. Basi na mshahara wangu wa mwisho nijidai mwenyewe?

Wakili akakohoa. Nami nikaona zamu yangu imefika.

— Mimi ningempa kila kitu, nikasema. Barua, risiti, kalenda za ukutani, mpaka karatasi za kufungia mikate. Nampelekea lori zima. Atasoma mpaka astaafu.

— Mi ningejifanya kiziwi, akasema Mama Ianthe. Kila akiuliza, namuuliza kama anataka na siagi.

Jiko hakucheka safari hii. Alikuwa amemgeukia Barafu.

— Oswin, utani tumefanya vya kutosha. Unaficha nini? Mimi siamini kwamba wewe ni mwizi, na mtu akisema hivyo mbele yangu tutagombana. Lakini nakidai kile kiwanda kama wengine wanavyodai. Haddow hawezi kutugawia kitu mpaka ajue kilichopo. Wewe unasema rufaa, mke wangu ananiuliza lini. Nimwambieje?

Barafu alivua koti la suti, akalikunja vizuri juu ya mapaja.

— Ile mashine ndogo, akasema.

— Ipi? Yenye kompresa ya kijani?

— Hiyohiyo.

— Si uliniambia imepelekwa kutengenezwa?

— Nilikudanganya, Delvin. Iko Anegada.

Akaeleza. Baada ya kile kimbunga kikubwa, wavuvi wa kisiwa kile cha Anegada walibaki bila paa, bila umeme na bila barafu. Kambakoche walikuwa wanawaharibikia mikononi kabla boti haijafika kuwachukua. Barafu akapakia mashine juu ya tishari usiku wa kuamkia Jumapili, akaipeleka, akaifunga, akarudi. Hakuandika popote, hakumwambia mtu. Alikusudia kuirudisha hali ikitengemaa, ila kiwanda kikaanguka kwanza.

— Nikikaa mbele ya Haddow nimeshika Biblia, swali la kwanza litakuwa mashine ziko wapi, akasema. Nikijibu, atakwenda kuing'oa auze. Wale watu wataishi kwa nini?

Jiko alijifuta shingo kwa leso, polepole.

— Ile mashine nimeipaka grisi kwa mikono hii, akasema. Nilikuwa naijua kwa mlio. Na mtoto wa shangazi yangu anavua hukohuko. Sasa umeniweka pabaya, Oswin. Nikitaka changu, nampokonya yeye.

Hapo ndipo sote tulipopandwa na kichaa cha huruma. Wakili akasema kitu kilichotolewa wakati wa kimbunga kimekuwa mali ya kimbunga, na mfilisi akakidai huko kilikokwenda. Mimi nikashauri ipakwe rangi ya bluu, kazi hiyo ningeifanya bure. Mama Ianthe akasema wavuvi wasingekubali, wangeizungushia mashua zao. Wakili akasema hapana, wavuvi wangefungua kesi yao. Jiko akasema wavuvi wangelia. Kila mtu alijua wavuvi wangefanya nini, na sauti zikawa juu.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mwanamke mmoja mwenye sare ya uuguzi, mkoba magotini, anasubiri boti ya kwenda kisiwa cha Virgin Gorda. Alikuwa amenunua kahawa na kuinywa yote akitusikiliza. Akainua mkono kidogo, kama mtu aliye darasani.

— Samahanini wazee wangu. Hao wavuvi wenyewe mmewauliza?

Wakili akafungua mdomo.

— Kisheria, akaanza, kisha akaufunga.

Jiko alimtazama Barafu. Barafu alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, na hakikuwa na kitu.

— Sijawauliza, akasema. Niliogopa nikiwauliza nao wataitwa mahakamani.

— Aa, akasema yule dada. Boti yake ikapiga honi, akatushukuru kwa mazungumzo, akaenda zake. Jina lake hatukulijua.

Jumatano tulikuwa kwenye boti ya Anegada, Barafu, Jiko na mimi. Pale gatini alitupokea Rudolf Faulkner, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Mashine tuliisikia kabla hatujaiona. Jiko alikwenda moja kwa moja akaiwekea kiganja ubavuni.

Barafu alieleza yote palepale, amesimama juani: mfilisi, amri, kiapo, rufaa. Faulkner alimsikiliza mpaka mwisho.

— Oswin, akasema, hii mashine tunataka kuinunua tangu tuliposikia kiwanda kimefungwa. Chama kimeshakubaliana zamani. Ila hatukujua tumlipe nani. Na wewe kila ukija hapa unazungumzia hali ya hewa.

— Nilikuwa nawakinga, akasema Barafu.

— Tuliona umezeeka tu, tukakuonea huruma.

Barafu alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Sijamwona akicheka hivyo tangu kiwanda kifungwe. Jioni tulirudi na barua ya Faulkner kwa Haddow, na kambakoche watatu wa Mama Ianthe.

Alhamisi mahakamani mambo yalikwisha upesi. Mwanasheria wa Barafu alisimama akasema mteja wake anaiondoa rufaa na atatii amri. Majaji wakatazamana, wakakubali, wakaita kesi nyingine. Aliyeumia ni Wakili peke yake. Alikuwa amekaa nyuma na miwani mipya, anangoja aambiwe kama amri ile ilikuwa ya mwisho au ya katikati, na sasa hakuna jaji mwenye haja ya kumjibu. Alitoka, akakataa hata kahawa.

Haddow naye hakuwa mkaidi. Kuing'oa mashine na kuivusha juu ya miamba ya Anegada kungemgharimu zaidi kuliko ambavyo ingemlipa, kwa hiyo aliwauzia wavuvi pale ilipo. Fedha zikaingia kwenye fungu la wanaodai, na Jiko akapata sehemu ya mshahara wake. Si yote, lakini mke wake aliacha kuuliza lini.

Yale maswali yalibaki palepale, maana amri ni amri. Haddow alikuwa ametenga muda wa saa moja tu. Barafu alikula kiapo asubuhi, akaanza na ile mashine, kisha akaendelea: bomba lililopasuka mwaka wa kwanza, chumvi inavyokula vyuma, mteja aliyedai barafu yake haikuwa baridi. Karani alibadilisha kalamu. Saa sita mchana ilipopita bado anaendelea, mfilisi ndiye aliyeomba mapumziko.

Barafu alikuja benchini moja kwa moja, tai mfukoni, uso unang'aa kama mtu aliyetoka kuoga.

— Sasa hapo kwenye chumvi, akasema akikaa, sikumweleza vizuri. Sogeeni.

Mama Ianthe akafunika birika, kahawa isipoe kabla hadithi ya chumvi haijaisha.