Verediana Joakimu na Geti la Chanzo

Baba Paroko, katekista, wazee wangu shikamooni, wenzangu poleni kwa msiba, na ninyi mliokaa mstari wa mbele, ambao miaka kumi na nane hamkukanyaga uwanja huu isipokuwa mmekuja kugomba, nanyi karibuni, viti ni vya kanisa, kaeni tu.

Mimi ni Xavery, mdogo wake Evarist mume wa marehemu, nimesoma mpaka darasa la tano, na historia hii sikuandikiwa na mtu wala sikusimuliwa, kila kilichomo nilikishuhudia mwenyewe kwa macho haya mawili. Ukoo mlinichagua mimi nisome, mkamwacha Natalia binti yake aliyesoma akamaliza chuo, kwa sababu mnajua mimi ni mtu wa kupamba maneno, mkadhani nikisimama watu watacheka, na mtu anayecheka msibani hasikii vizuri. Basi mcheke mkiweza.

Marehemu Verediana Joakimu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1976 kijijini Tumati, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa mzee Joakimu na mama Letisia. Hata kuzaliwa kwake nilikuwepo, maana mama yangu alikuwa amepanda kule juu kufuata mbegu ya maharage, mimi nikiwa mgongoni, tukapumzika nje ya nyumba ile ile, nikasikia mtoto analia ndani, nikanyamaza mimi niliyekuwa nalia tangu asubuhi, na mama mpaka anakufa alisema ndiyo siku pekee aliyowahi kuniona nimenyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985 akamaliza darasa la saba mwaka 1991, akiwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, mengine malizeni wenyewe. Alichaguliwa kwenda sekondari, lakini baba yake alisema nyumba ina ng'ombe mmoja tu wa kuuza na mtoto wa kiume yupo, kwa hiyo akaenda kaka yake, akarudi kidato cha pili amebeba gitaa. Huyo kaka yupo hapa, amevaa koti la kijivu, asante kwa kuja.

Kuanzia mwaka 1993 hadi 1996 alifundisha kina mama wa Tumati kusoma na kuandika, chini ya mti wa kanisa, huku akilima mahindi na mbaazi za wazazi wake, na malipo yake yalikuwa debe la mahindi kwa mwaka wa mavuno mazuri, na miaka ile mavuno hayakuwa mazuri. Wengi wa kina mama hao wamekuja leo kwa miguu na kwa malori, nawaona pale nyuma wamesimama, wakati viti vya mbele vimejaa watu wasiojua hata jina lake la ubatizo.

Tarehe 28 Juni 1997 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu Evarist hapa Gehandu, na katika msafara uliokwenda kumposa Tumati mimi ndiye niliyezungumza, ingawa kaka mkubwa Agustino anasema ni yeye. Walijaliwa watoto wanne, Kelvin aliyezaliwa mwaka 1998, Natalia mwaka 2002, Mary mwaka 2006, na Lucia tarehe 2 Oktoba 2011, na huyo wa mwisho nitamrudia, kwa kuwa kuna watu hapa walianza kukohoa nilipotaja mwezi.

Mwaka 2007, Mary akiwa bado ananyonya, marehemu alianza kazi iliyowafanya mumchukie. Chanzo cha maji kile pale bondeni, kwenye shamba tulilorithi kwa baba, kilikuwa kimekuwa tope la kwato, ng'ombe wanaingia mpaka kwenye jicho la maji, na wanawake wanachota kilichobaki, watoto wanaumwa tumbo kijiji kizima. Akaita wanawake, Wairaqw na Wabarabaig pamoja, wakachimbua chanzo, wakapanda mikuyu, wakajenga birika la kunyweshea ng'ombe kule chini, wakazungushia seng'enge, wakaweka geti lenye kufuli, ng'ombe wanywe kwa zamu birikani, binadamu wachote juu. Ni hayo tu. Hakuomba mtu cheo wala hakugombea kitu.

Kaka Agustino, mkuu wetu wa ukoo tangu baba afariki mwaka 2003, hakupenda ng'ombe wake kupanga foleni nyuma ya mbuzi wa mjane. Alikuja uwanjani hapa, mimi nikiwa nyuma yake, akasema, "Maji ni ya Mungu na ardhi ni ya baba yangu." Marehemu alikuwa anapepeta mahindi, hakuinuka, akajibu, "Shikamoo shemeji, basi Mungu akija na baba akifufuka nitawapa ufunguo, kwa sasa zamu yako ni alasiri." Mimi nilicheka, nikapigwa kiwiko na kaka, na alama ipo mpaka leo ubavuni, mwenye kutaka kuiona aje baadaye.

Mlisema mengi. Mlisema mwanamke anayekwenda mikutanoni anaacha jiko baridi, na mimi niliyetumwa kuchunguza jiko hilo, kwa kuwa kaka alinituma kweli, nilikuta ugali wa moto kila nilipoingia, nikala, nikarudi kutoa taarifa kwamba jiko ni baridi. Mbaazi za jioni alizimenya mkutanoni, ungo mapajani, mtoto mgongoni, anaongea huku vidole vinakwenda, mkutano ukifungwa na mboga imepatikana. Mlimcheka Evarist kwamba anachota maji na kuosha watoto, mkamwita mama mdogo, naye mtu mpole akaendelea kuosha watoto, na watoto wake leo ni wasafi kuliko wenu.

Lakini nisiseme kila kitu kilikuwa sawa, maana mimi sikuja kumsifu mtu mpaka asitambulike. Kelvin akiwa na miaka kumi na tatu alipata kipaimara, mama yake akafika misa inakwisha, ana tope magotini, kwa sababu bomba la birika lilikuwa limepasuka asubuhi hiyo, na Kelvin akamwambia mbele ya watu, "Wewe ni mama wa wote, sasa mimi mama yangu nani?" Hakumpiga, alikwenda kukaa nyuma ya kanisa, na mimi nilikuwa nyuma ya kanisa kwa shughuli zangu, nikamwona analia. Sikuwahi kumwona analia kwa ajili yenu.

Sasa mwezi wa kumi mwaka 2011. Lucia alikuwa na siku tisa, marehemu yuko ndani na kitoto kichanga, na kaka Agustino akaona hiyo ndiyo nafasi, mwenye ufunguo yuko kitandani. Saa nane mchana alipeleka ng'ombe sitini chanzoni na kukata seng'enge. Nimesema nilishuhudia yote, na wengine mmekuwa mkijiuliza tangu mwanzo Xavery alishuhudiaje, jibu ni kwamba nilikuwa upande wa pili, na plaizi iliyokata seng'enge ile niliishika mimi, kwa mkono huu ulioshika karatasi. Marehemu alisikia kengele za ng'ombe, akatoka akiwa amemfunga Lucia kifuani, akasimama kwenye tundu nililokata, na kaka akamsukuma kwa fimbo begani, akaanguka kwenye tope na mtoto wake wa siku tisa.

Kaka alikuwa amekosea hesabu moja, kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote aliyekua uwanda huu akiwa na masikio. Kwa majirani zetu Wabarabaig, mwanamume akimgusa mwanamke aliyejifungua, kesi hiyo si ya polisi wala ya wazee, ni ya wanawake wenyewe, wanakaa baraza lao, na hukumu yao haina rufaa. Kaka alidhani hawatakaa kwa ajili ya Mwiraqw, tena Mkatoliki, akasema, "Yule ni wa milimani, hana mtu hapa." Kesho yake asubuhi walikuwa wamejaa uwanjani kwake, wamevaa ngozi zao, wakiongozwa na mama Gidahuda, bibi ambaye hata upepo ulikuwa unamwamkia, na wanawake wa Kiiraqw nyuma yao. Walikaa siku tatu. Siku hizo tatu hakuna mwanamke aliyempikia kaka, hata mke wake Marieta, alichukua kigoda akaenda kukaa na wenzake, hakuna aliyempa moto, hakuna aliyemwitikia salamu, na mtu mkubwa kama yeye alikula mahindi mabichi akiwa amesimama zizini.

Walidai dume jeusi. Akatoa jekundu, limekonda, mama Gidahuda akalitazama akasema, "Hili lirudishe nyumbani likupe pole, nyinyi mnafanana." Ndipo akatoa jeusi, lile alilolipenda, wakalichinja wenyewe na kulila wenyewe, mwanamume haruhusiwi kuonja, na mimi niliyekaa upande wa upepo naweza kuapa sijawahi kunusa nyama kama ile. Adhabu yangu mimi ilikuwa kurudisha seng'enge, nguzo kwa nguzo, wanawake wakinitazama, na nilipomaliza, viganja vinatoka damu, marehemu alinipelekea bakuli la makande na kuniambia, "Kula shemeji, kuanzia leo utakuwa mlinzi, maana wewe ndiye unayejua panapokatika." Hivyo ndivyo nilivyohama upande, wala si kwa sababu ya dini, ilikuwa ni aibu na makande.

Nyinyi hamkuhama. Mlimnyima shamba la pili, mkasema anatembea na mtendaji wa kijiji, mkakataza wake zenu wasikae naye, wakakaa naye kwa siri, mkamwita mwenye kiburi, na miti ile ya mikuyu ilipokua mkaenda kupumzika kwenye kivuli chake. Juzi mmeletewa maji ya kuoshea vyombo vya msiba huu, hamkuuliza yametoka wapi.

Marehemu alianza kuumwa mwezi Mei mwaka 2023, akidhani ni uchovu, akaahirisha kwenda hospitali mara tatu, mara ya kwanza ni mahafali ya Natalia, ya pili ni palizi, ya tatu ni mkutano wa maji, na hapo ndipo namlaumu, nimsingizie nani. Alipokwenda Katesh mwezi Januari 2024 aligundulika ana saratani ya shingo ya kizazi, akapewa rufaa, akatibiwa kwa muda wa mwaka na zaidi, Kelvin akiacha kazi yake ya udereva kumsindikiza, Kelvin yule yule wa kipaimara, akimlisha kwa kijiko na kumwita mama mbele ya wodi nzima kwa sauti kubwa. Tarehe 11 Machi 2025 alirudishwa Katesh, na tarehe 14 Machi, siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, aliaga dunia. Nilikuwepo kando ya kitanda, Evarist ametoka kufuata uji, marehemu akanishika mkono huu, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, waambie ndugu zetu wote, na kaka Agustino, kwamba nimewasamehe."

Ameacha mume, watoto wanne, mjukuu mmoja, na chanzo kimoja cha maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kulala hapa, kina mama wa kikundi cha maji, mama Gidahuda aliyeletwa kwenye bodaboda na miaka yake yote, kina mama wa Tumati waliosimama nyuma mpaka sasa, na Baba Paroko. Wale wa mstari wa mbele nawashukuru pia, kwa kukaa kimya mpaka hapa.

Kabla ya kukunja karatasi, kuna jambo moja. Yote niliyosoma ni kweli, na kuhusu mama yangu na mbegu ya maharage nitagombana na anayebisha, isipokuwa kipande kimoja nilikitunga. Jana katekista Modest alipitia karatasi hii, akasema haina neno la msamaha, watu hawatalala vizuri, basi nikaliandika, nikampa marehemu maneno ambayo hakuyasema. Hakuwasamehe. Hakuwataja. Alichosema ni hiki, "Xavery, geti umefunga?" Nikamwambia nimefunga shemeji, akafumba macho, hakuongea tena. Nilikuwa namdanganya. Nilikuwa nimekuja mbio, geti nimeliacha wazi.

Kaka Agustino, najua baada ya mazishi umeitisha kikao cha ukoo, na najua ajenda ni ufunguo, na ng'ombe wako nimewaona wamekusanywa kule bondeni tangu asubuhi, wanangoja tulie. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikimaliza mstari huu namkabidhi Natalia mbele ya jeneza, na mama Gidahuda ameniambia nikusomee kwamba bado ana nguvu za kukaa siku tatu, na kwamba safari hii hata jeusi halitatosha.

Lala, mama Kelvin, umepumzika. Nilipitia bondeni leo kabla ya misa, nikavuta kufuli mara mbili. Geti limefungwa, na hili sikulitunga.