Mwalimu Nukta Hastaafu Ubishi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Hisabati, Mwalimu Nukta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Neno "rasmi" ameliomba mwenyewe.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana kila somo alilianza kwa kutapanya nukta ubaoni, kisha akaziunganisha mbili mbili kwa kubahatisha. Mwanzoni hutokea vipande vidogo vidogo. Viungo vikizidi kiasi fulani, ghafla huibuka pande moja kubwa linalomeza nukta chungu nzima, na vingine vyote husalia vijipande. Kwa nini yasiwe mapande makubwa mawili? Alijibu kwa kicheko kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja: kiungo kimoja tu cha bahati kikiwagusa, wamekuwa fahali mmoja.

Mkuu wa idara wa wakati ule aliliita somo hilo mchezo wa watoto, akalifuta. Mwalimu akahamia kantini, akachora kwa chaki juu ya meza. Mpishi akalalamika, "Mwalimu, meza hizi ni za chai!" Naye akamjibu, "Basi tuletee chai." Alipoitwa na kamati ajieleze, alisema, "Mlango mnaweza kuufunga. Hisabati haina kitasa." Wanafunzi walifurika kantini hadi mkuu mwenyewe akakosa pa kukaa. Somo likarudi darasani.

Pigo zito lilikuja baadaye. Alikuwa ametangaza uthibitisho kuhusu umbo la ndani la pande kubwa: kiini cha njia zinazozunguka na kurudi zilikoanzia, na matawi yanayoning'inia pembeni. Kwenye kongamano, mgeni mmoja akaonyesha kosa katika hatua moja ubaoni. Mwalimu akapanda jukwaani, akaifuta hatua ile kwa kiganja, akasema, "Nimekosea njia. Sijakosea swali."

Mumewe, ambaye ni muuguzi, anasimulia kwamba Mwalimu alipofika nyumbani alilia, akanawa uso, akaomba karatasi. Kazi ikamla miaka. Hatimaye uthibitisho ulisimama, na mgeni yule yule ndiye aliyeukagua na kuupitisha.

Sasa sheria inasema umri umefika. Ufunguo wa ofisi ameurudisha, lakini mjadala wa kila Jumatatu anauhamishia sebuleni kwake. Mume ameshanunua viti.

Asante, Mwalimu, kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kukosea bila kuinama. Tunakutakia afya na miaka mingi ya raha. "Pumzika" hatuthubutu kukuambia. Jumatatu tunakuja, na hoja za kukupinga tunazo.