Kimya Changu Kwenye Meza za Kahawa

Asifiwe Mungu anayesikiliza bila kuchoka, aliyenilea ukimbizini Tanzania akanirudisha Burundi nikiwa na akili timamu na magoti ambayo bado yanakunjika. Namshukuru kwa kikundi hiki cha maombi cha Gashoho kilichonipa nafasi ya kusimama leo. Katibu wetu aliniomba niyaandike pia maneno haya, ndiyo maana mnaniona na karatasi. Msiogope, si hotuba.

Ndugu zangu, ushuhuda wangu si wa ugonjwa wala wa pombe. Wengine watauona mdogo. Mimi nilianguka kwa kunyamaza, na mpaka leo nikikumbuka najikasirikia.

Mliokulia kambini mtanielewa. Kule, mtu mwenye karatasi mkononi akisema jambo, unaitika. Ukiuliza swali, foleni nzima inaguna nyuma yako, na mwenye karatasi anakutazama kana kwamba umemtukana. Nilizoea hivyo miaka mingi. Baadaye nikasomea ukatekista, yaani ualimu wa dini, nikafundisha watu unyenyekevu, na pole pole nikachanganya mambo mawili. Nikadhani kunyamaza mbele ya mkubwa ndio unyenyekevu wenyewe.

Tuliporudi tulipata makao Nyarusange, upande wa Gitega. Nikaajiriwa katika kituo cha kuoshea kahawa, nikawa kapita wa meza, yaani msimamizi wa zile meza ndefu za kuanikia kahawa iliyooshwa. Chini yangu walikuwa akina mama wanne, nao wametoka Tanzania kama mimi. Kazi niliijua. Naweza kuuma punje moja nikakwambia imebakiza siku ngapi kukauka.

Siku moja katikati ya msimu, kahawa ilikuja nyingi kuliko meza. Shefu wetu, mkuu wa kituo, kijana msomi mwenye haraka, akaniagiza kwa Kirundi kwamba ile mpya yote imwagwe juu ya ile iliyokuwa inakauka. Nilijua ni kosa. Tabaka likiwa nene hewa haipiti, kahawa inavunda. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikamjibu "Ego", ndiyo, tena nikairudia kwa heshima: "Ego, shefu."

Mmoja wa akina mama akaniambia, "Mzee, hii ikinyeshewa kidogo tu tutainusa kuanzia barabarani. Mwambie shefu."

Nikamjibu kwamba shefu anajua kazi yake.

"Basi tungoje malaika ashuke amwambie," akasema, na wenzake wakacheka.

Nilikasirika. Nikamkaripia asifanyie mzaha mambo matakatifu. Mnaona? Kwa yule mama nilikuwa na maneno.

Mvua ilinyesha siku mbili. Tulifunika kwa plastiki, tukafunua, tukageuza kwa mikono, haikusaidia. Siku ya tatu harufu ya uchachu ilijaa kituo kizima. Shefu akaja na wakubwa wake, akaniuliza mbele ya wote kama sikuona. Nikasema niliona.

"Uliona, na hukuniambia?"

"Uliagiza, shefu."

Akatikisa kichwa. Nilifukuzwa asubuhi ile ile, na akina mama wanne wakafukuzwa pamoja nami. Hapo nilipokuwa nimesimama, nikiwatazama wanakung'uta vitenge vyao waondoke, ningeweza kusema sentensi moja tu: hawa walinionya. Sikuisema.

Nyumbani nilimlaumu shefu kwa miezi. Kisha nikaanza kutafuta kazi. Mjini Gitega, karibu na soko, kuna bwana mwenye kompyuta anayewaandikia watu barua za kuomba kazi kwa Kifaransa. Aliniuliza jina, basi. Akafuta jina la aliyenitangulia, akaweka langu, akachapa ukurasa uliojaa heshima kutoka juu hadi chini. Haukusema mahali popote kwamba nimewahi kugusa kahawa. Niliupeleka vituo vinne, hadi kule Mutoyi. Hakuna aliyejibu. Nikawa nalalamika kwamba nchi hii kazi ni za wanaojuana.

Nikahamia huku Gashoho kwa dada yangu. Kituo kimoja cha Muyinga kikaniita. Watu watatu nyuma ya meza wakaniambia nijieleze. Nikasema mimi ni mtu mdogo tu, Mungu ndiye anayenijua. Wakauliza naweza kufanya nini. Nikasema lolote watakaloniagiza. Wakauliza kwa nini niliacha kazi Nyarusange. Nikatazama viatu vyangu. Wakanishukuru kwa adabu, wakamwita mwingine. Nilitoka na hasira, na koti la kuazima likinibana makwapa.

Jumatano iliyofuata nikaja hapa kwenye maombi. Mnakumbuka nilivyolia kwa sauti, nikimweleza Mungu habari ya shefu, ya akina mama wanne, hadi ya koti. Tulipokuwa tunapanga mabenchi, dada yetu mmoja kutoka Kivu, kule Kongo, anayeuza vitenge sokoni, akaniita kando.

"Papa, mi nakusikiaka wakati wa maombi. Mungu anajua yote, na bado unamuelezea kila kitu, mpaka koti yenye inakubana. Shefu ye hajue kitu, na unamunyamazia. Njo nini hiyo?"

Nikamwambia ni unyenyekevu.

"Hapana, papa. Unaogopa. Na bale bamama bane njo balilipa hiyo woga yako."

Kwa neno hilo, kwamba akina mama wanne ndio walioulipia woga wangu, wiki nzima sikumsalimia vizuri, anisamehe. Lakini kila nilipopiga magoti nilijisikia nikiongea: maneno yanatoka, mengi, yamepangika. Sikuwa bubu. Nilikuwa nimechagua.

Nikarudi Nyarusange. Kwanza nilikwenda kituoni, nikamwambia shefu wa zamani ile sentensi moja. Akasema kama angejua siku ile, akina mama wasingeondoka. Ndugu zangu, hilo ndilo lililonivunja. Msimu uliofuata aliwaita wote. Watatu walirudi. Wa nne, yule wa malaika, nilimkuta shambani nikamwomba msamaha. Akasema, "Mzee, maneno haya yalikuwa na siku yake." Akaendelea kulima. Mpaka leo hajanisalimia, na sina haki ya kumlaumu.

Barua iliyofuata niliiandika mwenyewe kwa Kirundi, kwa mkono, nusu ukurasa. Nilieleza ninachokijua kuhusu kuanika kahawa, na kwamba nilifukuzwa kwa sababu niliona kosa nikanyamaza. Kituo cha jirani hapa kikaniita. Mkuu wake ni mama. Alikuwa ameishika barua yangu, akauliza jambo moja.

"Nikikosea mimi, utaniambia?"

"Nitakuambia, mama. Pembeni, kwa heshima, kabla kahawa haijaharibika."

Akanipa msimu mmoja wa majaribio. Wiki ya pili kahawa ikaja nyingi kuliko meza, na agizo likawa lile lile: imwagwe juu. Nawaambia ukweli, "Ego" ilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikasema, "Mama, nimekusikia. Kabla sijafanya, njoo nikuonyeshe kitu." Nikamwomba atie mkono katikati ya kahawa, asikie ilivyokuwa na unyevu chini. Alikasirika. Akasema magari yanangoja na mimi namfundisha kazi. Akaondoka kuelekea kwenye magari, nikabaki nimesimama na wafanyakazi wangu, nikijua naweza kufukuzwa mara ya pili.

Baada ya muda akatuma ujumbe: kahawa mpya ibaki kwenye maji safi hadi kesho, na meza mbovu zitengenezwe leo. Hakunishukuru. Lakini hakuna aliyefukuzwa, na kahawa ile ilikauka vizuri.

Namshukuru dada wa Kivu kwa ukali wake, na dada yangu kwa chumba chake, nanyi mlioniombea nawashukuru. Bado inaniuma kuwaona watoto wetu wakibeba barua za yule bwana wa kompyuta, na wakubwa wakiitikiwa na watu wanaoona shimo mbele yao. Semeni mikono yenu inajua nini. Huko si kujivuna. Na ukiona kosa, sema mapema, maana anayeumia kwa kimya chako mara nyingi si wewe.

Nawe unayesoma karatasi hii, Mungu akupe neno siku ile ile linapohitajika, ampe mkubwa wako sikio, na awalinde walio chini yako. Amina.