Utafiti Ulioangushwa na Shati

Sogeeni wanangu, mnisikilize ningali na pumzi, na wewe mkwe wangu usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae hapa kitandani, maana maneno haya yanakuhusu kuliko wote. Kifungua mimba wangu, weka simu mfukoni. Kitinda mimba, niinulie mto, kifua kinanibana na nikianza sitaki kukatizwa.

Mnaijua kazi niliyoifanya tangu ningali msichana mwenye koti jeupe la kunipwaya. Watu waliniita Mama Vidonge, nanyi mkataniwa shuleni kwa jina hilo, poleni sana, lakini vidonge havikuwa vyangu. Vidonge, sindano, vijiti, kitanzi, njia zote hizo za kuzuia mimba nilizikuta, na zote mzigo wa mwanamke. Nilikaa maabara nikipima homoni katika damu za wake za watu, huyu kichwa kinampasuka, yule miguu imevimba, nikajiuliza waume zao wako wapi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mimi nikaongeza kwamba haumpati pia.

Ndipo nikatengeneza jeli ya wanaume. Mtu anapaka mabegani kila jioni akishaoga, homoni inapenya ngozini, ubongo unadhani ghala limejaa, unaamuru kiwanda kipumzike, na mbegu zinakoma. Akiacha kupaka, zinarudi. Ilifanya kazi, wanangu, majibu ya damu zao niliyasoma mwenyewe. Sharti lilikuwa dogo tu: ukishapaka, vaa shati, usimkumbatie mkeo mabega yakiwa wazi.

Sasa kulikuwa na dereva mmoja, mcheshi, mtu wa watu, lakini joto lilimshinda. Akawa anapaka kisha anajilaza kifua wazi, mkewe kamlalia begani, homoni ikamhamia, hadi mwanamke wa watu akaota ndevu. Alikuja maabara kajifunga kitambaa usoni analia. Nikamweleza, dereva akavaa shati, na ndevu zikapungua. Mimi nikadhani yamekwisha, kumbe wakubwa wa kamati wameshaufunga utafiti mzima. Nikawaambia jamani, ni shati tu, tuwafundishe upya, tubadili hata mahali pa kupaka. Mwenyekiti akacheka, akasema, “Daktari, mwanaume asiyekumbuka shati utamwachia uzazi?” Wenzake nao wakacheka. Kicheko kile hadi leo kimenikwama kooni. Mwanamke akisahau kidonge huitwa mzembe na kupewa kingine. Mwanaume akisahau shati, dawa inafungiwa kabatini. Siku ya msiba wangu mwenyekiti huyo akija, mpeni kiti, lakini msimruhusu kuhutubia.

Nakuja kwako, kifungua mimba. Usiinamishe kichwa. Daktari wa moyo alisema mbele yako kwamba mimba nyingine itamzika mkeo. Vidonge vilimgandisha damu mguuni, sindano na vijiti navyo akakatazwa, kitanzi kilimvujisha hadi akaongezewa damu, na mtaalamu wa usingizi amekataa kumlaza ili afungwe mirija. Mipira unaivaa ukikumbuka, na mimba ya mwisho iliingia siku uliyosahau, ikambakiza roho mkononi. Imebaki njia moja, nayo iko kwako wewe, ufungwe uzazi, kazi ya muda mfupi na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Nikakusikia jikoni ukimjibu mkeo kwamba wewe si fahali wa kuhasiwa. Nani kakuhasi? Hatumkati jogoo koromeo, atawika vilevile. Maisha yangu yote nimewabembeleza waume za watu wakanielewa, hata yule dereva alielewa, na aliyenishinda ni huyu niliyemzaa. Inaniuma, mwanangu, na sitaificha. Usije ukamfanya mwenyekiti yule aonekane alisema kweli.

Nyumba hii namwachia mkwe wangu. Ndiyo, yeye, umesikia vizuri. Nataka aishi azeekee humu. Kitinda mimba, wewe chukua vitabu na darubini, na siku ukipata wakubwa wenye masikio, iamshe ile jeli. Msigombee vyombo, vyote vimechakaa. Mnizike kwa maneno machache, wala pasitokee mtu wa kusema nimepumzika na kazi imekamilika, kwa sababu haikukamilika.

Nipeni maji kidogo. Hapo, yanatosha.

Mungu awape masikilizano. Watoto mtakaowapata wawe mmewataka... na mama zao wawe hai wa kuwalea. Hiyo ndiyo baraka yangu, sina nyingine... Shikaneni mikono. Mkwe wangu, mkono wako una baridi.

Kifungua mimba, unasema nini? Utakwenda kufungwa? Sauti yako imekuwa mbali... Usiniambie mimi, baba, mimi ndiyo naondoka. Mgeukie mkeo... mwambie yeye.