Oili Chini ya Lori la Kingori

Mwaka ule bei ya kahawa ilipanda hadi wazee wa Wamagana wakaanza kuvaa makoti mapya siku za kazi. Benchi la Waithira, nje ya kibanda chake kwenye kona ya kuingilia mjini Nyeri, ndilo lililokuwa bunge, mahakama na hospitali ya magari. Kahawa ilibaki shambani. Benchini watu walikunywa chai, maana huko mtu hanywi anachokiuza. Asubuhi hiyo ya Ijumaa lori la Kingori lilisimama mbele ya benchi, bodi yake ya kijani ikimeremeta. Mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya kibanda wakitafuna maganda ya viazi, na chini ya lori Waithira alikuwa ametega sufuria yake kuukuu. Oili ilidondoka, ikanyamaza, ikadondoka tena.

Kingori alichuchumaa kando ya sufuria kama mtu aliyefiwa. Umri wake ulikuwa unabisha hodi kwenye arobaini na mke hana. Kesho yake alitakiwa afike Kiriaini kwa Mzee Nderitu, na mbuzi hao na wazee wake, kutoa ruracio, mahari ya binti yake Wakonyo. Mara ya kwanza mvua ya masika ilikuwa imebeba daraja, wakarudi na mbuzi wao. Mzee akatuma neno: mtu akikosa kufika mara mbili, barabara imemjibu. Sasa difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogeuza magurudumu, lilikuwa linavuja, na malori mengine yote ya mji yalikuwa yamechukuliwa kubeba kahawa. Kingori aliogopa, na hakujua mahali pa kuuficha woga wake.

— Hiyo ni sili tu, ule mpira wa kuzuia oili, alisema Mutahi, aliyeitwa Redio kwa kuwa alitangaza habari kabla hazijatokea. — Imezeeka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sili nilibadilisha juzi, Kingori akajibu. — Niliweka mpya. Ikavuja kuliko ile mzee. Na sasa inatokea hata kwa magurudumu ya nyuma, inaingia kwa breki.

— Breki iko na oili, na hiyo miteremko ya Kiriaini? aliuliza Koplo Simiyu, polisi wa kutoka Bungoma ambaye siku zake za mapumziko alizitumia kuendelea na upelelezi. — Kufika mtafika. Kusimama ndio sijui.

— Koplo, wacha kumwongezea, Waithira alisema akimmiminia Kingori chai. — Kunywa, baba. Mtu hawezi kufikiria na tumbo baridi.

Bwana Shauri alikohoa. Jina lake lilikuwa Gicheru, lakini aliwahi kuwa mkalimani wa korti, na tangu hapo hakuzungumza mpaka kwanza akohoe.

— Kabla ya kuhukumu, tuulize oili imetoka wapi, alisema.

— Imetoka kwa difu, Redio akajibu.

— Mimi nauliza kwao ni wapi. Oili inakuja na pipa kutoka Mombasa. Kule ni joto. Wewe unaichukua unapanda nayo mpaka Naro Moru kubeba viazi, unailaza kwa baridi ya mlima. Ati unafikiria itakaa? Hiyo inatafuta njia ya kurudi kwao. Mwacha mila ni mtumwa.

Benchi lilitikisa vichwa. Hakuna aliyeona mila imeingilia wapi, lakini ilisikika vizuri.

— Hapana, Koplo akasema. — Mimi nimechunguza. Hii gari ikilala, haivuji. Ikitembea kidogo ipate moto, inavuja. Sasa mwizi gani anafanya kazi mchana peke yake?

— Mwizi gani tena? Kingori akauliza.

— Kuna mtu anataka huyo msichana. Anaongeza oili ndani ya difu mpaka inafurika. Kikulacho ki nguoni mwako. Ningekuwa kazini leo, ningeshika watu wawili.

— Nani na nani?

— Hiyo ingejulikana wakishashikwa.

Redio hakupenda kupitwa. Alisogea ukingoni mwa benchi na kuteremsha sauti kama anayetangaza kifo.

— Ngojeni niwaambie ukweli. Hii gari iko na wivu. Miaka yote Kingori analala ndani yake, anaiimbia, anaiosha kabla ya kujiosha. Leo inasikia kuna Wakonyo. Hiyo si oili. Ni machozi.

Watu walicheka, Kingori naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Ilikuwa kweli kwamba aliliimbia. Alilitazama lori lake na kwa dakika nzima akaliamini neno la Redio.

— Sasa dawa ni gani? aliuliza.

— Kuziba, Redio akasema. — Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuchukue sabuni ya kipande tujaze hapo, halafu juu yake tupake lami ingine. Debe bado liko na nusu.

— Hapo umesema, alisema Bwana Shauri. — Lami ilisaidia sana ile Jumamosi.

Ile Jumamosi ya wiki iliyopita ilikuwa fahari ya benchi. Redio ndiye aliyeleta habari kwamba Mzee Nderitu, aliyeendesha greda la barabara miaka mingi, hapimi mkwe kwa uso wala kwa mavazi. Anainama na kutazama gari lake kwa chini. Basi kijiwe kizima kilijitosa. Bodi ilipakwa rangi ya kijani, na tumbo la lori, ekseli, difu na kila kilichokuwa kikining'inia huko, vikapakwa lami nyeusi ili matope mekundu yasishike. Bwana Shauri alisimamia akiwa amekaa, akisema penye wengi hapaharibiki neno.

Kingori alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua debe aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

— Mnataka kuzika hiyo gari ama kuitengeneza?

Alikuwa Wakonyo mwenyewe, fundi wa cherehani pale mjini, ametoka dukani na tepu ya kupimia bado shingoni. Benchi zima lilisimama. Kingori alijipangusa mikono kwenye suruali, akaiharibu.

— Nimesikia sokoni, alisema Wakonyo. — Sikuja kukulaumu. Nimekuja kujua kama kesho nivae ile nguo mpya ama niivue mapema, nisiaibike.

Wakonyo aliinama kutazama chini ya lori, akanusa, akakunja uso.

— Hebu niambieni. Kabla ya kupaka hii lami, ilikuwa inavuja?

Koplo alitazama buti zake. Bwana Shauri alikohoa lakini safari hii hakuna kilichofuata. Redio alizificha kucha zake, ambazo mpaka siku hiyo zilikuwa bado nyeusi.

Kingori akajitupa chini ya lori chali, nguo na yote.

Juu kabisa ya ekseli, mahali jicho halifiki, palikuwa na kifuniko kidogo kama cha chupa, ambacho miaka yote alikizungusha kwa kidole bila kukifikiria. Hapo ndipo difu ilipopumulia. Ikipata moto, hewa ya ndani huvimba ikatokea hapo. Sasa kidole chake kilikuta kichuguu cha lami, kigumu kama ukoko wa ugali. Hewa ikikosa mlango wake, ilikuwa ikiisukuma oili itokee penye sili, iwe kuukuu au mpya.

— Nipeeni msumari.

Alikwangua, akachokoa, akazungusha. Hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, fyuuu, hata mbuzi wakaacha kutafuna. Kingori alibaki amelala pale kwenye vumbi, mkono juu ya ekseli, akasikia machozi yakimteremka kuelekea masikioni. Hakujali nani anaona.

— Imepumua, alisema. — Wakonyo, imepumua.

— Na wewe pumua basi, Wakonyo akamwambia.

Mchana wote ulikwenda kwa kazi. Kile kifuniko kiliogeshwa kwa petroli mpaka kikazunguka chenyewe. Magurudumu ya nyuma yalifunguliwa, breki zikasafishwa na kukaushwa, sili za huko zikawekwa mpya, oili ikajazwa kiasi chake. Kingori aliliendesha lori mpaka likapata moto sawasawa, akarudi, na Waithira akatandaza gazeti chini ya difu. Walilizunguka wote, chai mkononi, kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Gazeti lilibaki kavu hadi birika likaisha.

— Mimi nilisema ni kitu kidogo, alisema Redio, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia.

Jumamosi walifika Kiriaini jua likiwa bado changa, kijiwe chote kikiwa nyuma ya lori pamoja na mbuzi. Mzee Nderitu alitoka kwenye lango lake na fimbo. Hakuwasalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya lori, akainama taratibu, magoti yakilia, akatazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole chini ya difu, akakiangalia kidole. Kilikuwa kikavu.

Mzee alijinyoosha, akawatazama mmoja mmoja: Redio, Koplo, Bwana Shauri, na mwisho mkwe wake.

— Gari ni nzuri, alisema. — Lakini hii lami ya huku chini, mlikuwa mnataka nani aione?

Redio alizificha tena kucha zake. Mashavu ya mzee yakaanza kutetemeka kwa kicheko alichokuwa amekizuia, akafungua lango mpaka mwisho.

— Shusheni mbuzi, alisema. — Barabara imejibu.