Zenas Tillotson, Mwenye Misumari Iliyokatwa kwa Maji

Marehemu mdogo wangu Zenas Tillotson alizaliwa tarehe 9 Machi 1779 hapa Hadlow, Massachusetts, mtoto wa pili wa mhunzi Reuben Tillotson na mkewe Submit. Mtoto wa kwanza ni mimi, Asahel, ninayesoma haya. Nitasoma yote, hata yale ambayo shemeji, mjane wake, amenisihi niyaruke.

Alisoma shule ya kijiji miaka sita, majira ya baridi tu, kama sote. Alifukuzwa mara mbili. Mara ya pili alikuwa amefunga uzi kutoka mlangoni hadi kwenye wigi la mwalimu. Alisema alitaka kujua kama mlango unaweza kumfanyia mtu kazi. Uliweza.

Mwaka 1806 alijenga kiwanda cha misumari penye maporomoko ya mto, maji yakiendesha mashine ya kuikata. Mimi nilikuwa ningali nafua misumari kwa nyundo, kama baba. Akaja karakanani kwangu.

“Kaka, wewe ukifua mmoja, maji yangu yamekata mia. Njoo tufanye pamoja.”

“Hayo ni makapi ya chuma,” nikamjibu. “Kawachokonolee kuku meno!”

Mwaka 1808 alitoa bure misumari ya mabenchi mapya ya kanisa. Mabenchi yakisimama, kila seremala wa bonde hili angenunua kwake. Yakianguka, kiwanda kingekufa. Sasa, msumari wa mashine una upande mpana, na upande huo lazima ufuate nyuzi za mbao. Ukikingama, ubao unapasuka, jambo ambalo Zenas mwenyewe hakuwa amelijua bado. Mafundi wetu walizoea misumari yangu, ambayo huingia vyovyote, basi wakaipiga ile imekingama. Mimi niliona. Nilijua. Nikanyamaza, kwa wivu mtupu.

Jumapili ya kwanza, sala ndefu ilipokwisha, Shemasi Philo Crane, mtu wa ratili mia tatu, aliketi. Benchi likaenda chini na ukoo wake wote.

“Zenas!” alinguruma kutoka sakafuni. “Hata Adamu hakuanguka hivi!”

Kwa miezi saba marehemu hakuuza msumari hata mmoja. Aliyemwokoa ni Mehitabel, binti wa shemasi, aliyeanguka na babaye. Alikwenda kiwandani na kipande cha ubao mkononi.

“Wewe naye! Msumari mzima, ubao ndio umepasuka. Si uugeuze?”

Akaugeuza, ubao ukashika, na wateja wakaja. Walioana tarehe 4 Mei 1809. Shemasi alisimama ibada nzima.

Marehemu aliugua mapafu tangu Februari mwaka huu. Alilala akimfundisha daktari kazi. Juma lililopita nilikwenda kutua mzigo wangu.

“Zenas, ile misumari ya kanisani… niliona inapigwa vibaya.”

“Najua, Kaka.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile. Ulianza kucheka shemasi hajaketi, nikajua kuna kitu unakijua.”

“Mbona hukusema?”

“Ungeona haya, ukaacha kuja kula maharagwe kwetu Jumamosi.”

Nililia, na sifichi. Alifariki Jumatano, tarehe 17 Oktoba 1838, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mehitabel, watoto wanne, Reuben, Lovisa, Philo na Electa, wajukuu tisa, na kaka mmoja, aliyesamehewa miaka thelathini kabla hajaomba.

Mungu ampe mdogo wangu pumziko jema na amani.